Nilifuata Mishale ya Pinki

Kuna watu hapa Alby, pembeni mwa Stockholm, ambao mpaka leo wakinikuta kituo cha treni wananiambia "shikamoo mama", halafu wanageuka kutazama ukuta, na mimi siku hizi naitikia marahaba tu kwa sababu nimechoka kukasirika. Kisa chenyewe kila mtu anakisimulia kivyake, hata waliokuwa wamelala nyumbani siku hiyo, kwa hiyo acheni leo nikisimulie mimi niliyekuwa juu ya baiskeli. Aibu ni yangu, nani ataijua kunizidi.

Mwanzo wa mambo ni shemeji yangu wa Uholanzi, kaka yake mke wangu, ambaye alitutumia picha kwenye kompyuta akiwa na wenzake wa kanisa, wanapita kwa baiskeli katikati ya mashamba, ng'ombe upande huu, mfereji wa maji upande ule, kinu cha upepo kule nyuma, wote wamevaa miwani ya jua kama mawaziri, na chini ameandika kwamba wametembea hivyo kutwa nzima, kijiji hadi kijiji. Mke wangu aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka yangu amepungua tumbo." (Lakini ninyi mliooa mnajua, mwanamke akisema kaka yake amepungua tumbo, hazungumzii tumbo la kaka yake.)

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikasimama nikawaambia wanaume wenzangu kwamba na sisi tunaweza. Nani ametuambia baiskeli ni ya Waholanzi? Mimi ni mtu wa Kalemie, kwetu baiskeli tunaiita kinga, na kabla ya vita nilikuwa nasukuma kinga yenye madumu sita ya mawese kutoka Nyunzu mpaka ziwani, siku na siku porini, mvua na jua, kwa hiyo niliposikia watu wazima wanaogopa kilomita arobaini za lami nilicheka mbele ya mchungaji. Tukapatana. Tungekuwa wanaume saba. Jumamosi asubuhi tungetoka Alby, tuvuke na kivuko cha Slagsta, tuzunguke kisiwa cha Ekerö kwa njia za mashambani, na saa saba mchana tufike kwenye ufuko mmoja mdogo wa kuogelea, ambako wake zetu na watoto wangekuja kwa basi kupitia Brommaplan wakiwa na makaa, wavu wa kuchomea, fufu (ugali wetu wa muhogo) na vinywaji.

Na nyama? Nyama nikasema nabeba mimi.

"Papa Furaha," mke wangu akasema usiku wa Ijumaa akiwa anaifunika, "nyama iende na sisi kwenye basi."

Nikamwambia mtu aliyebeba madumu sita hawezi kushindwa na mbuzi mmoja tena aliyekatwakatwa. Zilikuwa kilo kumi na mbili, zimelala usiku kucha kwenye mawese, nyanya, tangawizi, vitunguu na pilipili, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, na asubuhi nililifunga juu ya keria kwa mipira ya tairi la ndani, ile funga ya kwetu ambayo hata ukianguka mtoni mzigo unabaki palepale. Kufunga nilifunga vizuri. Kifuniko ndicho sikukikagua.

Katika wale saba niwatajie wawili tu. Wa kwanza ni Salum wa Tanga, jirani yangu wa ngazi moja, dereva wa basi, Mwislamu peke yake kati yetu (na mbuzi tulimnunua kwenye bucha ya halali kwa ajili yake), mtu wa utaratibu, amechapa ramani na kuitia kwenye mfuko wa nailoni. Wa pili ni Mzee Bisimwa wa Bukavu, amepita miaka sitini, amekuja na baiskeli ya binti yake yenye kikapu mbele, na kila mlima alikuwa anatukumbusha kwamba wazo hili halikuwa lake.

Tulivuka salama. Hali ya hewa nzuri, mwezi wa sita ule mwanzoni, jua la Uswidi likiwa limekumbuka kazi yake. Tulikuwa hatujaenda mbali na kivuko, tairi la nyuma la Mzee Bisimwa likapiga pancha. Salum akaigeuza ile baiskeli miguu juu, akatoa kiraka, akatoa gundi, akaanza kutafuta tundu kwa sikio kama daktari. Mimi nikatazama saa. Nikatazama jua. Nikatazama sanduku langu. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo sana, wa sekunde moja, ambao nikipewa nafasi ya kurudi nyuma katika maisha yangu yote ningeomba kurudi pale tu.

"Zibeni ninyi," nikasema, "mimi natangulia na nyama polepole, isije ikaharibika."

"Ungoje, Baba Furaha," Salum akasema. "Njia zinachanganya huko mbele."

"Barabara si moja?"

"Kuna njia panda tatu."

"Si kuna vibao?"

"Basi fuata vibao vyenye picha ya baiskeli," akasema, gundi ikiwa mdomoni, na nafikiri alisema tu ili nimwache afanye kazi. Koti langu lilikuwa limenichosha kwa joto, nikalitupia kwenye begi lake, nikaondoka. (Simu ilikuwa mfukoni mwa koti. Hilo nalo mliweke akilini.)

Nisiwadanganye, zile dakika za kwanza peke yangu zilikuwa tamu. Mashamba ya maua ya njano mpaka macho yanauma, nyumba nyekundu, farasi waliofungwa vitambaa usoni kuzuia nzi, wananitazama kama mabibi harusi. Nilijisikia kijana. Njia panda ya kwanza nikapita kwa kibao cha baiskeli, sawa. Njia panda ya pili kulikuwa na vibao viwili: kimoja kidogo, kimefifia, kinaelekea kulia, kingine mshale mkubwa mpya wa rangi ya pinki, umepigiliwa kwenye nguzo, na ndani yake picha safi kabisa ya baiskeli, unaelekea kushoto. Sasa wewe mwenyewe, ungefuata upi?

Baada ya kona moja nikaanza kusikia kengele. Akanipita mwanamke mmoja, akasema hej, salamu yao. Wakanipita watatu, hej, hej, hej. Wakanipita kama kumi hivi wanaongea habari za jikoni. Nikawaza ni watu wa ofisi moja wametoka matembezi. Kisha akanipita bibi mwenye nywele nyeupe tupu, amekaa wima, kofia ngumu ya bluu, akapiga kengele yake mara mbili, na aliponipita akageuka akanitazama na kutabasamu. Hilo likaniuma. Nikajiambia wewe mtu wa Nyunzu, bibi huyu hapotei machoni pako leo, nikashika usukani, nikainama, nikakanyaga.

Kwenye malango ya nyumba watu walikuwa wametoa viti nje. Wanapiga makofi, wanapiga vifuniko vya sufuria, wanasema heja, heja, kwa namna yao ya kutia mtu moyo. Miaka tisa niko Stockholm, jirani zangu wengine hata kwenye lifti hatusalimiani, leo mashambani napigiwa sufuria. Nikawaza kumbe Waswidi wazuri wote wanakaa huku. Nikawapungia mkono taratibu, kiaskofu, na kadiri nilivyopunga ndivyo walivyozidi kucheka na kupiga.

Mbele kidogo, nje ya ukumbi mmoja, palikuwa na meza ndefu zenye ndizi, maandazi ya mdalasini na ile supu yao tamu ya matunda ya porini, ya zambarau. Nikasimama. Msichana mwenye kizibao cha manjano akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akatazama tena karatasi. Nikamuuliza bei. Akasema ni bure. Nikamuuliza, hata kwa wenzangu? Wenzangu wako sita, wanakuja nyuma.

"Sita kama wewe?" akauliza.

"Wanaume wazima," nikasema, "na wana njaa."

Akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu, na mwenzake naye akainama kumsaidia kutafuta, wakakaa huko chini muda mrefu mabega yakitikisika. Nilichukua maandazi saba. Nikayapanga vizuri kwenye mfuko. Nikashukuru kwa niaba ya kundi.

Kabla sijapanda baiskeli, mwanamke mwingine, mwenye msalaba wa huduma ya kwanza kwenye mkono, akaja mbio akanishika bega. Akaniambia nikae chini taratibu. Eti natoka damu. Nikajitazama: kweli suruali yote ya nyuma, mpaka kwenye soksi, nyekundu, na shati mgongoni (hili aliniambia yeye) limerushiwa matone mekundu kutoka kiunoni mpaka shingoni. Kifuniko. Mchuzi ulikuwa unavuja juu ya gurudumu tangu kwenye kivuko, na gurudumu linaunyunyiza mgongoni mwangu kama bomba la bustani.

"Si damu," nikamwambia. "Ni mbuzi."

"Umegonga mbuzi?"

"Hapana, alikufa juzi."

Akauliza kwa upole, ule upole wanaosemea wagonjwa, "Na sasa yuko wapi?"

"Huyu hapa, nimembeba."

Ikabidi nifungue mipira yote nimwonyeshe. Wanawake kama ishirini walikuwa wamesimama na ndizi zao, wanachungulia. Yule wa huduma ya kwanza akainama juu ya sanduku, akanusa, akasema, "Inanukia vizuri sana," kisha akanisaidia kulifunga upya kwa plasta pana ya hospitali, akaniruhusu kuondoka. Na mpaka hapo, ndugu zangu, naapa, nilikuwa bado sijaelewa.

Aliyenielewesha ni yule bibi wa kofia ya bluu. Nilimkuta chini ya mlima amesimama pembeni, mnyororo umetoka. Nikashuka, nikaurudisha kwa vidole viwili, kazi niliyoizoea. Akaniambia anaitwa Gunvor. Akapangusa mikono, akanitazama machoni, akasema polepole, Kiswidi kile cha kumsemesha mgeni, neno moja moja:

"Unajua kwamba haya ni mashindano ya wanawake?"

Nikatazama mbele: wanawake. Nikatazama nyuma: wanawake, mpaka kwenye kona. Ilikuwaje sikuona? Nilikuwa nahesabu ni wangapi wananipita, sikuangalia ni akina nani. Vikanijia vyote kwa mara moja, ule mshale wa pinki, makofi, sufuria, wale wasichana chini ya meza, "wanaume wazima na wana njaa". Nilihisi masikio yanawaka. Nikageuza baiskeli nirudi nilikotoka.

"Kurudi ni mbali kuliko kwenda," Gunvor akasema. Nikamtajia ule ufuko ninaokwenda. Akasema ni kilomita sita tu baada ya mstari wa mwisho, na mpaka mstari wa mwisho zimebaki kumi na moja. Halafu, kama vile anataja jambo dogo, akaniambia kwamba ana miaka sabini na miwili, wakati wa baridi alibadilishiwa goti, mabinti zake walimkataza asije na yeye akaja, na nyuma yetu kuna gari lenye taa ya manjano linalokusanya wanaochelewa. "Likinifikia nitapanda," akasema, "na nikipanda wataiuza baiskeli yangu." Sehemu iliyobaki upepo wote unatoka ziwani. Akanipima kwa macho kutoka bega hadi bega. "Wewe ni mpana. Kaa mbele yangu."

Ningesemaje? Aibu nilikwisha kuipata, haikuwa inaningojea mbele. Na kusema kweli, kitu kiliamka ndani yangu pale, kitu cha zamani, cha siku za mzigo. Nikageuza tena baiskeli. Nikamwambia shika nyuma yangu usiniachie.

Upepo ule ulikuwa ukuta. Mawese yalikuwa yamekauka mgongoni, magoti yanalia, sanduku linazidi uzito kila kilima, lakini nikawa nakanyaga na kuita kama tulivyokuwa tunaitana porini, sukuma, sukuma, na Gunvor bila kuuliza maana akaanza kuitikia, "Sukuma." Tukawakuta wawili wamekata tamaa wanatembea kwa miguu, Gunvor akawaambia, "Ingieni nyuma ya huyu, mna nafasi." Tukamkuta mwingine. Na mwingine. Nikitazama nyuma naona mstari wa wanawake watano, wote wazee, wamejificha nyuma ya mgongo wangu mwekundu, wanaitikia sukuma, na nyuma yao, mita mia hivi, ile taa ya manjano inazunguka. Sikumwacha hata mmoja. Mlima wa mwisho nilishuka kwenye baiskeli nikaisukuma yangu kwa mkono mmoja na ya Gunvor kwa mkono mwingine, yeye amekaa juu yake, na lile gari likabaki nyuma.

Mpango wangu ulikuwa niwafikishe karibu, kisha niingie kichochoroni kimya kimya. Hakukuwa na kichochoro. Mita mia mbili za mwisho zimezungushiwa vyuma kulia na kushoto, watu wamejaa, muziki unalia, na mtangazaji mwenye kipaza sauti anapaza habari ambazo katika hizo nilishika maneno mawili tu, "bwana" na "mbuzi". (Habari zilikuwa zimetangulia.) Nikainamisha kichwa. Nikavuka mstari. Mama mmoja akanivika medali, mwingine akanipa ua la waridi na mfuko wenye losheni na soksi za kike, mpiga picha akanipiga nikiwa nimetoa ulimi kwa kuchoka.

Nilipoinua kichwa nikaona basi.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mashindano, basi la kutoka Brommaplan limezuiwa palepale, na dereva amewaruhusu abiria washuke wanyooshe miguu. Wamama wote wa kanisa letu walikuwa wamesimama kwenye vile vyuma, na vitenge vyao, na magunia ya makaa, mstari mmoja, wananitazama. Binti yangu Furaha, ambaye kwa umri ule alikuwa ananijibu Kiswidi tu, alijifunika uso kwa mikono miwili akasema, "Pappa, nej," yaani baba, hapana. Mke wangu hakujifunika. Alitazama medali, akatazama waridi, akatazama suruali. Wale wazee watano wamenizunguka wananikumbatia, Gunvor analia na kucheka, ananipiga mgongoni, mkono wake unatoka mwekundu.

"Papa Furaha," mke wangu akasema.

"Mama Furaha," nikaitika.

"Nyama iko wapi?"

"Ipo."

Akatikisa kichwa. Kisha mama mmoja nyuma yake akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwanyamazisha.

Kilomita sita za mwisho mke wangu alitaka nipande basi na baiskeli ibaki. Nikakataa. Nilikuwa nimesema nitaifikisha nyama, na nitaifikisha. Basi likanipita njiani, watoto wameminya pua kwenye vioo, wamama wanaimba. Ufukweni nikawakuta Salum na wenzake wamefika saa nzima iliyopita, hawajala, wamenipigia simu zaidi ya mara kumi na tano, na kila wakipiga wanashangaa begi la Salum linaimba. Nikawagawia maandazi. Mzee Bisimwa akalila lake taratibu, akatazama medali, akasema, "Mimi tairi langu lilizibwa kwa dakika kumi." Hilo tu.

Nilitumaini mambo yangeishia hapo. Jumanne gazeti la mtaa likatoka na ile picha ya ulimi na waridi, kubwa, na Salum, mtu wa utaratibu, akaleta nakala tano. Moja ilibandikwa kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu. Moja sijui ilifikaje shuleni ninakofanya usafi, niliikuta kwenye ubao wa walimu. Na Jumapili, wakati wa matangazo, mwenyekiti wa umoja wa akina mama alisimama, mkavu kabisa, akasema kikao chao ni Jumamosi saa nane, na ndugu yetu Papa Furaha anakumbushwa ahudhurie bila kukosa. Mchungaji mwenyewe alishika mimbari kwa mikono miwili asianguke kwa kicheko.

Gunvor na mke wangu walipeana namba za simu siku ile ufukweni, kwa maana Gunvor alikuja na mabinti zake, akala mbuzi, akaomba maelezo ya kupika. Baiskeli yake haikuuzwa. Mwaka uliofuata mke wangu alijiandikisha kwenye yale mashindano bila kuniuliza, akafundishwa kuendesha na Gunvor kwenye uwanja wa kuegesha magari, akaanguka mara nyingi na akaamka mara nyingi vilevile, na nilipotaka kumshauri habari za upepo akaniambia ataendelea na mwalimu wake.

Mimi nami nimeapa. Sitangulii tena mbele ya watu, si kwa baiskeli, si kwa miguu, hata kwenye foleni ya chakula. Wenzangu wakisimama kuziba pancha, nitakaa chini nishike gundi mpaka jua lizame. Na kama ni lazima tupotee, tupotee wote saba, Salum na ramani yake, Mzee Bisimwa na manung'uniko yake, kwenye njia mbaya tukiwa pamoja, kwa sababu aibu ya watu saba kila mmoja hubeba kipande chake, lakini ile ya kwangu nimeibeba mwenyewe tangu Ekerö mpaka leo, na haina keria.